Mama Makopo na Mapazia ya Baba Yake

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mtoto wa kaka yake. Familia imeniomba niwasomee maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Makopo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mchoraji na mama mshonaji. Mwezi Juni 1957 baba yake aliaga kwamba anakwenda mbali kutafuta kazi. Zikaja barua mbili, kisha kimya. Mwishoni mwa mwaka huo mama yao alihamia chumba kidogo mtaa wa pili, akawalea watoto wake kwa cherehani. Jina la mumewe halikutajwa tena. Kumbukumbu yake pekee ilikuwa sanduku la nguo alilokuwa amelichora kifunikoni chungu cha maua chenye mkono mmoja. Bibi yetu, yaani mama yao, alikuwa akisema, “Hata chungu alikiacha njiani.”

Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1962 na sekondari mwaka 1966. Mwalimu wake wa jiografia alimwadhibu kwa kujaza watu ndani ya ramani ya mito. Ramani yenyewe mwalimu huyo aliibandika ofisini kwake, ikakaa hapo mpaka alipostaafu.

Januari 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji akiwa mchora lebo, na alifanya kazi hiyo miaka thelathini: sabuni, majani ya chai, viberiti. Kama umewahi kuwasha jiko kwa kiberiti chenye ndege wawili, umeshika kazi ya mkono wake. Kila likizo alipanda treni au basi na daftari lake la michoro, akarudi na makopo ya zamani, funguo zisizo na kufuli, na postikadi walizoandikiana watu asiowajua.

Ni saa ya ukutani iliyokufa, aliyoiokota katika safari hizo, iliyomfikisha kwa fundi saa. Fundi akasema itachukua muda. Ilichukua miezi minne, naye marehemu alipita kila Jumamosi kuiulizia. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, na baada ya harusi ndipo fundi huyo, mjomba wetu, akakiri kwamba ile kazi ilikuwa ya siku moja. Walijaliwa watoto watatu. Mjomba alizoea kuwaambia wageni, “Karibuni. Humu ndani ni mimi tu ambaye sijabandikwa lebo.”

Mwezi Agosti 1986, katika mji ulio mwendo wa siku mbili kwa treni, marehemu alifungua kopo la biskuti katika duka la vitu vya kale, akakuta picha za studio. Mojawapo ilionyesha bwana na bibi harusi mbele ya pazia lililochorwa ngazi, na chini ya ngazi palikuwa na chungu cha maua chenye mkono mmoja. Alituambia kwamba alikaa sakafuni pale pale.

Nyuma ya picha kulikuwa na muhuri wa studio ya mji wa jirani. Kesho yake alifika. Mwenye studio, aliyeirithi kwa baba yake, alimkunjulia pazia lenyewe kutoka stoo.

“Aliyechora hili alikuwa akilala humu humu studio,” akamwambia. “Mapafu yalimsumbua. Alifariki hospitali Februari 1958. Baba yangu alimwandikia mke wa mchoraji, lakini barua ilirudi. Walikuwa wamehama.”

Marehemu alirudi nyumbani bila kumaliza likizo. Akaiweka ile picha juu ya cherehani.

“Mama, hakutukimbia,” akasema, kisha akamweleza yote.

Bibi aliisogeza picha karibu na macho. “Miaka ishirini na tisa nagombana na mtu aliyekufa,” akasema. Baadaye akauliza, “Umesema alilala studio. Alikuwa na blanketi?”

Desemba hiyo Bibi, baba yangu na marehemu walisafiri pamoja hadi kaburini. Bibi alifariki mwaka 1991, na miaka yake ya mwisho alimtaja mumewe kila siku, mara nyingi kwa kumcheka. Marehemu aliendelea kuyatafuta mapazia mengine, akapata manne. Mwaka 1999 alifanya maonyesho ya kwanza ya michoro yake, katika ukumbi wa maktaba. Kadi ya mwaliko ilikuwa na majina mawili ya wachoraji, lake na la baba yake.

Mwaka 2017 alianza kusumbuliwa na presha ya macho, na mwezi Machi 2023 moyo wake ukadhoofika. Alilazwa wiki mbili. Jioni ya mwisho mjomba alimuuliza, “Kesho nikuletee nini?” Akajibu, “Njoo tu wewe.” Mjomba alikuwa ameketi kando yake alipofariki, Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Marehemu ameacha mume, kaka mmoja, binti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Shangazi, umetembea sana. Mungu akupe pumziko lenye amani.