Fungu la Asiyekuwepo

Aliyeanza kugawa, kwa fungu la asiyepo,
Leo ameshapokewa, moyo u radhi alipo.

Padre, wazee wa baraza, akina mama wa kijiji, ndugu mliovuka bahari kutoka visiwa vya Fakaofo na Atafu, nanyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza, familia inawasomea historia ya mpendwa wao, Mzee Pelenato Sakalia.

Marehemu alizaliwa hapa kisiwani Nukunonu tarehe 14 Machi 1947, akiwa mtoto wa tatu wa Sakalia, seremala wa mitumbwi, na Monika, msukaji wa mikeka, akabatizwa Jumapili iliyofuata katika kanisa hilihili, na kwa ushahidi wa mama yake hakulia maji yalipomgusa, ila alilia sana yalipokwisha.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1954, na mwaka 1961 akapanda meli kwenda mji wa Apia kujifunza useremala, akarejea Desemba 1965 akiwa na cheti, sanduku la randa na patasi, na jozi moja ya viatu, ambavyo alivivaa siku moja tu, ile ya kushuka melini.

Alifanya kazi na baba yake tangu Januari 1966, na mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, baraza la wazee likamteua miongoni mwa wagawaji wa inati, yaani mgawo wa samaki wa kijiji kizima, kazi ambayo hapa kwetu hapewi mtu mwenye upendeleo, kwa kuwa mgawaji huhesabu kila kichwa katika kila nyumba, awe mvuvi au kikongwe, na hapana anayeondoka na mkia kabla mafungu yote hayajakamilika.

Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Novemba 1969, mitumbwi ilirudi imesheheni jodari, naye kijana Pelenato akapanga mafungu upesi na kwa madaha, watu wakimtazama, akaita nyumba moja baada ya nyingine, makapu yakajaa, kiwanja kikawa cheupe, hapo ndipo Bibi Sulia alipobaki amesimama na kapu la pili, tupu, mbele ya watu wote. Alfajiri ya siku ile binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na habari zilikwisha kumfikia mgawaji, lakini hakumhesabu.

“Pelenato, mwanangu,” akasema bibi yule, pasipo kupaza sauti, “umewahesabu wote wenye midomo ya kupiga kelele. Huyu wangu bado hajaijua kelele, basi ale upepo?”

Wanaume walicheka, mmoja akamwambia asijali, mtoto hana meno, lakini marehemu hakucheka, akachukua fungu lake mwenyewe, akalitia katika kapu la Bibi Sulia, akaenda nyumbani mikono mitupu. Tangu siku hiyo alijiwekea kanuni moja, ya maneno matatu tu, ambayo kila aliyeishi naye aliisikia hadi kuichoka: Anza na asiyekuwepo.

Kanuni hiyo haikubaki kiwanjani. Alipochonga viti vya kanisa alianza na kile cha karibu na mlango, kifupi, chenye mahali pa kushika, kwa ajili ya wagonjwa ambao wakati huo hawakuwa wakija kanisani kwa kukosa pa kukaa, na mezani kwake chakula hakikuguswa kabla hajauliza nani bado yuko ziwani, katika maji yaliyozungukwa na kisiwa chetu, akivua. Mtu alipomjia na habari za mwenziwe, marehemu aliinuka na kutafuta kofia yake. “Ngoja kwanza nikamwite,” alikuwa akisema, “jambo tamu hivi lisimpite mwenyewe.” Wengi waliiona kofia hiyo ikitafutwa, na wachache walimaliza habari zao.

Ndoa yake nayo ilipitia mlango huohuo, kwani wazee wa pande mbili walipoketi Aprili 1972 kumzungumzia Akenete, binti wa Petelo, marehemu aliuliza Akenete mwenyewe yuko wapi, akaambiwa yuko jikoni anakuna nazi, akasema hatatia neno mpaka aje. Akenete alikuja na mbuzi ya kukunia mkononi. “Mimi nilidhani mnataka chai,” akasema, “kumbe ninapangwa!” Kisha akamtazama mchumba kutoka kichwani hadi miguuni, akamuuliza viatu vyake viko wapi, akakubali. Walifunga ndoa takatifu tarehe 19 Agosti 1972, na Mungu akawajalia watoto watatu, Petelo mwaka 1973, Iosefo mwaka 1975, na Kolotita, binti pekee, tarehe 2 Juni 1978.

Marehemu aliagiza, akiwa na akili timamu, kwamba sehemu inayofuata isomwe kama ilivyokuwa, pasipo kupakwa rangi.

Mwaka 1996, Kolotita akiwa masomoni Apia, shule yetu ilipungukiwa na mwalimu, wazee wa ukoo wakaketi nyumbani kwa marehemu siku ya pili baada ya Pentekoste, wakakubaliana kwamba binti huyo akimaliza atarudi kufundisha, naye baba, kwa fahari ya kuombwa mbele za watu, akatoa neno lake, wala siku hiyo hakuuliza ni nani asiyekuwepo. Kolotita aliipata habari bandarini Apia, kwa abiria aliyeshuka melini akampa mkono wa pongezi. Yeye alikuwa amekwisha kuomba nafasi ya kujifunza ufundi wa injini za meli. Barua yake ilifika Februari 1997, na marehemu aliihifadhi ndani ya sanduku la patasi kwa miaka ishirini na sita: “Baba, mama aliitwa kutoka jikoni. Mimi nilikuwa mbali kuliko jikoni, basi nikasahauliwa?” Mwezi uliofuata alivuka kwenda Wellington, na hakurudi.

Kwa desturi yetu aliyehamia ng’ambo hahesabiwi katika inati, na marehemu hakuomba desturi ivunjwe kwa ajili ya mwanawe, bali kila baada ya mgawo alikata sehemu kutoka fungu lake mwenyewe, akaiweka kwanza katika kapu dogo, akasema, “Hii ya Kolotita,” kisha akampelekea yeyote ambaye siku hiyo alikuwa kitandani au safarini. Mama Akenete alivumilia, ingawa si kimyakimya. “Mzee, mwanao huko anakula samaki wa kopo,” alimwambia, “sisi hapa tunagawana mkia.” Marehemu akajibu, “Basi mkia huo tuule kwa heshima.” Aliandika barua kila meli iliyoondoka, akaomba radhi katika ile ya kwanza, na katika zilizofuata akaeleza tu mvua, mitumbwi na waliozaliwa, kwa kuwa aliona kuomba radhi kila mara ni namna nyingine ya kudai. Majibu yalikuja machache, mafupi, yenye adabu.

Alistaafu ugawaji mwaka 2009, akamkabidhi kazi Falaniko, mjukuu wa Bibi Sulia, yule mtoto wa alfajiri ambaye hakuhesabiwa.

Afya yake ilianza kudhoofu Novemba 2022, na Machi 2023 madaktari wa Apia walithibitisha saratani ya ini, wakamweleza kwa uwazi kwamba iliyobaki ni miezi. Petelo na Iosefo walitaka kumpigia simu dada yao na kumwamuru aje kwa meli ya kwanza, lakini baba yao akawazuia. “Mwambieni ugonjwa ulivyo, jina lake na muda wake,” alisema, “kisha nyamazeni. Msimwambie njoo.” Iosefo alimjibu kwa hasira, “Na asipokuja, baba? Ufe unamtazama nani?” Mzee akasema, “Nilimwamulia mara moja akiwa hayupo. Mara ya pili sitaki, hata kwa kufa kwangu.”

Simu ilipigwa kama alivyotaka. Ulipita Aprili bila jibu, ukapita Mei, Juni ikafika kadi ya pole iliyotiwa sahihi tu, na kila meli iliyokuja Mama Akenete alishuka gatini na kurudi peke yake, naye marehemu, aliyekwisha kuhamishiwa kitanda chake barazani, hakumuuliza chochote, alimwambia tu aketi apumzike.

Jumamosi, tarehe 2 Septemba 2023, Kolotita alishuka melini akiwa na mfuko mmoja wa nguo na mmoja wa spana. Siku ile mgawo ulikuwa umekwisha, na kapu dogo, lenye samaki aliyekwisha kuokwa, lilikuwa pale barazani, bado halijapelekwa kwa mtu. Marehemu alimtazama kwa muda mrefu.

“Umechelewa,” akasema. “Samaki wako amepoa.”

“Baba, miaka ishirini na sita,” Kolotita akajibu, “huyo hajapoa, huyo ameoza.”

“Wale wa zamani wameliwa na wengine kwa niaba yako. Huyu ni wa leo.”

Kolotita aliketi akamla mzima, kichwa na mkia, pasipo kusaidiwa, huku Mama Akenete akimpepea nzi na kumwambia amekonda. Waliyozungumza baadaye ni yao wawili. Siku kumi na saba alikaa kando ya kitanda, isipokuwa asubuhi mbili alizotengeneza injini ya mashua ya kijiji iliyokuwa imelala tangu Pasaka, na marehemu akaomba ageuziwe upande wa ziwa ili aisikie ikinguruma. “Wazee walitaka mwalimu,” akasema, akitabasamu, “hawakujua wanachohitaji.”

Mzee Pelenato alipewa sakramenti ya wagonjwa tarehe 17 Septemba, akaaga dunia Jumanne, tarehe 19 Septemba 2023, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, kitandani mwake, pasipo maumivu makubwa na pasipo mtu aliyekosekana.

Familia inawashukuru madaktari wa Apia waliomwambia kweli, muuguzi wa zahanati yetu aliyekuja mara mbili kwa siku hata katika mvua, manahodha waliobeba barua zake, majirani waliopika, mafundi wenzake waliolichonga jeneza kwa randa zake mwenyewe, na wagawaji wote wa inati, ambao jana, kwa ruhusa ya baraza, walilitenga fungu la kwanza kabisa kwa jina lake, jambo ambalo marehemu angelipinga, kisha angeuliza fungu hilo apelekewe nani.

Pumzika, Pelenato, kwa amani uliyowagawia wengine kwanza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, na jana Falaniko alipoliita mwisho jina la marehemu kiwanjani, nyumba zote zikiwa zimekwisha kuchukua na kuketi, aliyebaki amesimama, na kapu mkononi, ni Kolotita.