Mizinga ya Kandora

Kijiwe cha Jabalini pale Mkuyuni ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na cha kuegemea ni jiwe lenyewe, kubwa kuliko nyumba, lililokuwapo kabla ya barabara. Bagenda, muuza kahawa, hutua hapo na birika lake jua likianza kulegea, na vikombe vyake vidogo havikauki. Jumamosi ile walikuwa wanne mbali na yeye. Jonathan, fundi simu, wanayemwita Jenerali ingawa hata mgambo hakupita. Rwehumbiza, mwalimu mstaafu, Profesa wa kijiwe. Pius, dereva wa lori la mchele, jina lake Gia, kwa sababu hata akisimulia msiba mikono yake hubadilisha gia kama yuko mlimani. Na Ngosha, mchuuzi wa dagaa, ambaye siku hiyo alikaa mwisho wa ubao, kahawa imempoa mkononi, hasira imemjaa tangu alipofumbua macho.

Sababu ya hasira yake wote waliijua. Mdogo wake, Yeremia, mvuvi wa kule Magu, alikuwa amekamatwa ziwani na wenzake wawili. Boti ya jeshi la Kandora, nchi ya ng'ambo, iliwazukia alfajiri, ikaufunga mtumbwi wao kamba na kuuvuta mpaka ukungu ukawameza. Wavuvi wengine waliona kwa mbali. Watu wa Kandora walisema hao wamevuka mpaka, na mpaka wenyewe ni maji juu ya maji. Ngosha alikwenda ofisi moja akaelekezwa nyingine, na ile nyingine ikamwambia asubiri, suala liko ngazi za juu. Akaja kijiweni, maana nyumbani kila mtu alikuwa akimtazama usoni kutafuta habari.

— Boti iliyomchukua bwana mdogo nimeipata, alisema Jenerali akiinua simu. Hii hapa, kwenye gwaride lao. Wanaiita Mamba Tatu. Injini nne nyuma, rashasha mbele. Inameza mkanda wa risasi kama mtu anayekula tambi.

Ngosha alitazama. Aliona boti ya kijivu imepakiwa juu ya tela, askari wa glavu nyeupe wamesimama juu yake wakipiga saluti, na watoto wa shule pembeni wakipeperusha bendera. Rangi yake ilikuwa mpya kabisa. Akamrudishia simu yake.

— Hiyo bado, alisema Gia. Mimi kule mpakani napita na mchele kila wiki. Nimeona vifaru kwa macho yangu, vimepangwa kama ng'ombe mnadani. Kifaru kimoja kinapanda juu ya nyumba, kinashuka upande wa pili, dereva bado anavuta sigara yake.

— Vya nini vyote hivyo? aliuliza Ngosha. Nani kawachokoza?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Profesa.

— Una maana gani, mwalimu?

— Nina maana jirani akinunua kifaru kimoja kimoja, iko siku kibaba kitajaa. Na kibaba chenyewe ni wewe.

Bagenda alimimina kahawa, akasukuma sahani ya kashata katikati ya ubao. Jenerali alikuwa ameshapata picha nyingine.

— Tazameni hili gari la deraya. Magurudumu nane. Linaingia majini upande huu, linatokea upande wa pili, askari waliomo ndani hawajalowa hata soksi.

— Hilo halielei, alisema Gia. Hilo linatembea chini kabisa. Kule chini ya ziwa wameshamwaga lami.

— Nani amwage lami chini ya ziwa? aliuliza Bagenda.

— We mzee, unadhani maji yalipanda bure mwaka ule mpaka yakaingia kwenye majumba ya watu? Kifusi. Walijaza kifusi cha barabara, maji yakakosa pa kukaa, yakaja kwetu.

— Hapo umesema, alisema Jenerali. Na mzinga je? Wana mzinga wa masafa, bomba lake refu kama mlingoti wa simu. Wanaufyatua kwao asubuhi, unaanguka hapa Mkuyuni watu wanakunywa chai. Na wanachagua mlango. Wakitaka wa Bagenda, ni wa Bagenda. Jirani yake anasikia upepo tu.

— Mlango wangu umewakosea nini? alisema Bagenda.

Profesa alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akifanya darasani kabla ya kuandika ubaoni.

— Ninyi mnahangaika na mizinga. Yule furukombe anayetua kwenye mawe kule ufukweni kila jioni, kuna aliyewahi kumwona akila samaki?

— Mimi nimemwona, alisema Bagenda.

— Umemwona akimkamata. Kumla ni jambo jingine. Yule ni droni, ndugu zangu. Manyoya ya plastiki, jicho kamera. Anajua leo tuko wangapi hapa. Mwenda pole hajikwai.

— Ndiyo maana anageuza shingo vile, alisema Gia.

— Ndiyo maana.

Siku nyingine Ngosha angecheka mpaka akashika mbavu. Furukombe wa plastiki ni kitu ambacho angekwenda kukisimulia nyumbani. Lakini alikuwa akiwasikiliza tangu mwanzo, na kuna jambo lilianza kumchoma. Walipofika walimpa pole, wakatikisa vichwa, Jenerali akasema Kandora hawana ubinadamu. Sasa hivi macho yao yalikuwa yanang'aa. Jenerali alitamka magurudumu nane kama mtu anayemsifia mchumba. Gia alikuwa amesogea mbele ya ubao, anasubiri zamu yake ya kuongeza.

— Jenerali, alisema Ngosha. Angekuwa ni mdogo wako, ungeisifia hiyo rashasha?

— Siisifii, kaka. Naichambua. Adui lazima umjue.

— Haya. Umemjua. Sasa?

— Sasa nini?

— Umeshajua injini nne. Umeshajua magurudumu nane. Sasa tunafanyaje?

Jenerali alijikuna shingo. Profesa akaja kumwokoa.

— Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, Ngosha. Dunia ndivyo ilivyo.

— Mdogo wangu si nyama, mwalimu.

— Sikusema hivyo.

— Umesema. Kaa na methali zako, leo sizitaki.

Gia, ambaye kimya humwasha kama upupu, akavikusanya vikombe vitupu na kuvipanga juu ya ubao.

— Sikilizeni. Hawa hatuwawezi kwa bunduki, tunawaweza kwa akili. Hivi vikombe viwili ni mitumbwi yetu. Tunachukua nyavu zote za sangara kuanzia hapa mpaka Ukerewe, tunaziunga moja. Hii sahani ya kashata ni kisiwa. Tunajificha nyuma yake. Mamba Tatu ikija mbio, mapangaboi yake yananasa nyavuni, injini zote nne kwisha habari. Inabaki inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

— Na furukombe? aliuliza Profesa. Furukombe atakuwa ameshawaambia.

— Furukombe tunampiga manati.

— Naomba kikombe chako, alisema Jenerali akimgeukia Ngosha. Tunahitaji Mamba.

Alinyoosha mkono na kukichukua kabla hajajibiwa. Ngosha alikitazama kikombe chake kikisukumwa taratibu juu ya ubao, Jenerali akitoa sauti ya injini kwa midomo, kikiukaribia mtumbwi wa kahawa. Kikaugonga. Mtumbwi ukalala ubavu.

Ngosha akasimama. Aliupitisha mkono ubaoni kwa nguvu, na vikombe vyote, kisiwa na kashata zake, vikaenda chini. Kimoja kilipasuka.

— Ndani ya huo mlikuwa na mtu, alisema. Sauti yake haikuwa kubwa. Mtu mnayemjua. Alikaa hapa Pasaka, akala kashata za huyu mzee, mkamtania kwa sababu hanywi kahawa. Leo mmemgeuza mchezo wa bao.

Bagenda alichutama akaanza kuokota vigae, na hakulalamika. Ni katika hali hiyo ndipo mwanamke aliyekuwa akija na njia ya sokoni, mtoto mgongoni na mfuko mkononi, alipofika na kusimama mbele yao.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia Profesa na Bagenda kwa pamoja.

Alikuwa Rebeka, mke wa Yeremia. Vumbi la njia ya Magu lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

— Shemeji, alisema Ngosha. Umekuja lini? Mbona hukupiga simu?

— Nimeshuka sasa hivi. Nyumbani kwako wameniambia uko huku.

Gia alisogea, wakampa nafasi. Alikaa ukingoni tu mwa ubao, kwa ajili ya mtoto aliyelala. Bagenda aliinamisha birika mpaka mwisho, ikatoka kahawa nusu kikombe, yenye machicha, akampa. Rebeka alishukuru, akakishika bila kunywa. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa kidude cha bluu cha kupulizia mdomoni, dawa ya pumu, akakiweka kwenye kiganja.

— Siku ile aliisahau juu ya kabati, alisema. Kwenye baridi ya ziwa kifua kinambana, shemeji anajua. Bila hii halali, anakaa tu mpaka kunakucha. Nimeambiwa hapa kuna watu wanaijua ile boti vizuri. Basi nauliza tu. Hii dawa nimpe nani imfikie?

Akawatazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama anayeuliza njia.

— Jeshi lao lina kamandi ya majini, alianza Jenerali.

— Iko wapi, kaka?

— Iko ufukweni. Upande wa kwao.

— Ufukwe unaitwaje?

Jenerali alishika simu. Vidole vyake viliandika, vikafuta, vikaandika tena. Ngosha, aliyekuwa bado amesimama nyuma yake, aliyaona maneno: waliokamatwa ziwani Kandora wanawekwa wapi. Simu ikafikiri. Ikamletea Mamba Tatu kwa ubavuni. Ikamletea Mamba Tatu kwa nyuma. Ikamletea gwaride zima, na muziki wa matarumbeta ukaanza kulia, Jenerali akahangaika kuuzima. Alipouzima aliitia simu mfukoni na kutazama chini.

Profesa alivuta pumzi ya methali. Ngosha alimwona akiitafuta, akiikosa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu.

— Pius, alisema Ngosha.

Hakuna mtu aliyemwita Gia hivyo kijiweni. Gia aliinua kichwa.

— Wewe kule unapita kila wiki. Unajua vifaru vimepangwaje. Watu wanaokamatwa ziwani wanawekwa wapi?

Kwa mara ya kwanza mikono ya Gia ilikuwa imetulia juu ya magoti.

— Napita tu, kaka. Nagonga mihuri, napita. Sijawahi kuuliza.

— Hujaona chochote?

— Kuna nyumba moja nyeupe, ukishavuka geti, mkono wa kushoto. Ina askari. Kila nikipita nje kuna wanawake wamekaa chini na vibakuli.

— Wanawake gani?

Ngosha aliliona wazo likimfikia Gia palepale, likimbadilisha uso.

— Nilidhani ni mama ntilie, alisema.

Rebeka alikiweka kikombe chini. Alikifunga tena kile kidude kwenye fundo la khanga, akasimama, akamkaza mtoto mgongoni.

— Unaondoka lini? Ngosha alimuuliza Gia.

— Jumanne, nikishapakia.

— Unaondoka leo.

— Kaka, lori ni la mwenyewe. Kwenda tupu nitamwambia nini?

— Utamwambia tajiri wako umebeba dawa. Inuka, Pius.

Gia alimtazama Rebeka, akatazama vigae vilivyokuwa mkononi mwa Bagenda. Akainuka.

Gia, Ngosha na Rebeka walifika kesho yake jua limechomoza. Pale mpakani, vile vifaru vya mnadani vilikuwa kimoja, minyororo imeota kutu, kuku wamejilalia kivulini mwake. Gia hakukionyesha kidole. Walipewa vibali vya kutwa, wakavuka geti, wakageuka kushoto. Nyumba nyeupe ilikuwapo, na wanawake walikuwapo, na vibakuli vyao vimefunikwa kwa vitambaa. Walimwona Rebeka, wakajisogeza bila kuulizana, akapata pa kukaa.

Askari aliyetoka alikuwa kijana mwembamba, kavaa sare na kandambili. Ngosha alikuwa amepanga maneno njia nzima, maneno makali, ya mtumbwi, ya kamba, ya mpaka wa maji juu ya maji. Rebeka alimtangulia. Alinyoosha mkono wenye dawa na kutaja jina la mumewe.

— Yule anayekohoa? aliuliza askari.

— Ndiye.

— Usiku kucha hatulali naye. Leta.

Aliichukua, akaingia, akafunga mlango. Ngosha alibaki na maneno yake mbele ya mlango uliofungwa. Kutoka nyuma ya ukuta walikisikia kikohozi, kile kirefu cha kukwaruza alichokijua Ngosha tangu wakiwa wadogo wanalala kitanda kimoja. Kikaendelea. Kisha kikakatika, kikarudi kidogo, kikatulia. Wanawake wote walitega masikio pamoja na Rebeka.

Halafu sauti ya Yeremia, hafifu, ikauliza kule ndani:

— Nani kaileta?