Upepo wa Kereama

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Uwanja na wajumbe wako, wazee wenyeji wa ardhi hii mliotufungulia shughuli kwa sala, wachezaji wenzangu wa zamani wa kriketi, mliobaki na magoti yenu na mliokwisha kuwekewa ya chuma, walimu na vijana wa klabu zetu, mabibi na mabwana: hamjambo?

Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na ameniomba nisihangaike huku na huku kwa sababu waya wa kipaza sauti ni mfupi. Nitajaribu, Ndugu Mwenyekiti, lakini sikuahidi kitu. Tangu asubuhi nimeshindwa kukaa. Nimekunywa chai vikombe vitano, nimeizunguka bustani mpaka mbwa akachoka kunifuata, na mke wangu ameninyang'anya funguo za gari asije akasikia nimeshafika Hamilton. Nina umri wa miaka sitini na tisa, na nilipokuwa nikiwakabili wapigaji wa Australia sikuwahi kuhangaika hivi.

Mnakiona kile kitambaa cha kijani pale ukutani, upande wa kaskazini? Kinafunika kibao chenye jina. Ilikuwa iwe siri, lakini kitambaa ni kifupi na herufi zimetokeza chini, kwa hiyo kila aliyepita getini anajua imeandikwa Mackersey. Struan Mackersey ni mimi. Kuanzia leo kila mrushaji atakayekimbia kutoka upande ule atatangazwa kuwa anarusha kutoka Upande wa Mackersey, na kazi yangu ilikuwa kuvuta hii kamba, kutabasamu na kwenda kula keki. Nimeomba niseme kwanza, ndipo kamba ifuate.

Mshereheshaji wetu amenisifu sana. Amesema wiketi mia mbili na mbili, yaani wapigaji niliowatoa, katika mechi za Testi, zile za nchi kwa nchi, na ninyi mkapiga makofi, na mimi nikatazama viatu vyangu. Kwa nini? Kwa sababu mfukoni mwangu kuna karatasi hii. Ameniletea Bi Noeline Garrick, aliyekaa pale na kofia ya bluu, ambaye ameandika hesabu za uwanja huu kwa miaka arobaini na minne na hajawahi kukosea hata mpira mmoja. Bi Noeline alichukua warushaji wa kasi wakubwa wa dunia, wa Jamaika na Barbados, wa Lahore, wa Melbourne, wa Nottingham, akagawa kazi ya kila mmoja mafungu mawili: aliyoifanya nyumbani na aliyoifanya ugenini. Akapata kwamba wapo wachache ambao mafungu yao mawili yanafanana, mahali popote utakapowapeleka watakuumiza. Wapo wanaotisha kwao tu, na wakivuka mpaka wanakuwa watu wa kawaida. Na wapo, wachache mno, waliokuwa hatari ugenini na hoi nyumbani, na hao ndio waliomkosesha usingizi.

Akanipigia simu. "Struan, unajua wewe ni watu wawili?"

Nikamwambia, "Noeline, nyumbani kwangu wanasema hata mmoja ni wengi mno."

"Acha mzaha. Kaa chini nikusomee."

Sikukaa, lakini alisoma. Nyumbani, wiketi mia moja thelathini na moja, na kila wiketi ilinigharimu mikimbio ishirini. Kwa wageni wa mchezo huu, mikimbio ni pointi za wapinzani, kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri, na ishirini ni ya wafalme. Ugenini, wiketi sabini na moja, kwa mikimbio thelathini na tisa kila moja. Thelathini na tisa! Jamani, kwa namba hiyo hata mwalimu wangu wa hisabati angepata nafasi kwenye timu.

Kisha akasema, "Sasa nikusomee za Kereama?"

Sikuhitaji kusomewa, nilishajua.

Kereama Pohatu yuko hapa. Safu ya tatu, kando ya njia, mguu ameunyoosha kwa sababu ya goti. Karibu naye ni mkewe, shemeji yangu Huia, ambaye leo asubuhi tulipokutana mezani kwenye chai aliniuliza, "Umekuja kufunuliwa?" kisha akachukua kikombe chake akaondoka. Kereama ndiye mwenzangu tuliyefungua naye mpira mpya kwa misimu minane, mimi nikirusha kutoka upande mmoja, yeye kutoka wa pili. Nyumbani, wiketi arobaini na nne, kwa mikimbio thelathini na saba. Ugenini, sitini na nane, kwa mikimbio ishirini na moja. Hebu zipangeni pamoja na zangu. Mnaona? Ni kama yeye alivaa koti langu la nyumbani akaenda nalo ugenini, na mimi nikavaa lake.

Wakati ule watu walikuwa na maelezo. Walisema Pohatu hana moyo wa nyumbani. Waliandika magazetini kwamba mbele ya watu wake anaingiwa na woga. Woga, Kereama! Mtu aliyechukua wiketi sita Lahore, juu ya pichi, ile njia ya katikati mpira unapodundia, ngumu kama sakafu ya benki, siku ambayo mimi nilipata moja kwa mikimbio mia moja thelathini na nikaomba niangaliwe kama nina homa!

Ninyi mnaoishi Wellington hamhitaji niwaeleze kilichokuwepo hapa. Mmekuja leo mmeshika kofia zenu kwa mazoea tu. Upepo wa kaskazini unaingia kutoka kwenye mlango wa bahari, unapita juu ya ukuta ule, unavuka uwanja mzima na kutokea kusini. Anayerusha kutoka kaskazini unamsukuma mgongoni. Anayerusha kutoka kusini unampiga usoni, na kila hatua ya kukimbia ni sawa na kusukuma gari lililozimika kupanda mlima wetu wa Brooklyn, kisha ukifika juu uambiwe urudi chini ukaanze tena, mara sita kwa kila ova, ova ishirini na tano kwa siku. Mimi nilirusha kutoka kaskazini. Miaka minane. Na kila uwanja wa nchi hii wenye upepo, nilichukua upande wa upepo. Huko ugenini, ambako hewa ilitulia na kila mtu akabaki na mkono wake tu, ndiko dunia ilipotuona tulivyo.

Mtauliza, nani aligawa hivyo? Sasa hapo ndipo miguu yangu inapoanza kuwasha. Samahani, Ndugu Mwenyekiti, naona nimeshauvuta waya.

Kwetu warushaji desturi ni moja. Aliyetangulia kuvaa kofia ya taifa ndiye anayechagua upande. Kereama alinitangulia kwa mwaka mzima. Siku yangu ya kwanza, Februari ya mwaka sabini na nane, nilitapika mara mbili kabla ya kuvaa viatu. Tukatoka, upepo ukivuma nusura bendera ikatike. Kereama akanitazama, akaniuliza, "Bwana mdogo, unataka upande gani?"

Nikasema, "Wowote."

Akacheka. "Wowote hapa haupo. Kuna wa upepo na kuna wa adhabu. Wewe leo huwezi hata kusimama. Chukua wa upepo leo, kesho tutaonana."

Leo, alisema. Mmesikia wenyewe? Siku hiyo nikapata wiketi tano, na picha yangu ikatoka ukurasa wa mbele. Kesho yake asubuhi nikauokota mpira nikaelekea kaskazini bila kumtazama. Nilisikia nyuma yangu akiguna kidogo, kisha nikasikia viatu vyake vikienda kusini. Nami nikajifanya nimesahau, na kujifanya kukiendelea mwaka wa kwanza na wa pili kunakuwa kazi rahisi. Nilikopeshwa upepo wa siku moja, nikakaa nao maisha yangu yote ya mchezo.

Basi, mabibi na mabwana, hayo ndiyo niliyotaka kuyasema kabla ya kuvuta kamba, na sasa ningependa kuishukuru Bodi kwa...

Nani? Kereama, sema tena, watu wa nyuma hawakusikii.

Anasema, "Chumba cha chai."

Anasema, "Maliza, Struan. Chumba cha chai."

Naombeni maji.

Haya. Sikujua kama anajua. Miaka yote hii nilidhani hajui. Kumbe ulijua, ndugu yangu, na kila Krismasi ukanijibu kadi.

Ilikuwa mwaka themanini na sita, mwisho wa mechi, hapa hapa, katika chumba cha chai kilichokuwa chini ya jukwaa la zamani. Wateuzi wa wakati huo walikuwa watatu, wote wameshatangulia mbele ya haki, nami sitawatupia lawama yangu. Walikuwa wanakula pai za nyama na kupanga timu ya kwenda Uingereza. Wakaniita. Mmoja akasukuma karatasi mezani, akasema, "Mackersey, wewe unarusha naye kila siku. Hizi hesabu za Pohatu za nyumbani, zinamtendea haki?"

Ni swali moja tu. Jibu lake lilikuwa neno moja, na nililijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Ningesema "hapana", wangeuliza kwa nini, ningesema "upepo", na ningesema ni wa nani. Lakini nilijiona tayari nikiambiwa nibadilishane naye. Nilijiona niko kusini, nina miaka thelathini, upepo unanipiga usoni, na nchi nzima inagundua mimi ni mrushaji wa thelathini na tisa. Niliogopa. Wale walioandika juu ya woga hawakukosea neno, walikosea mtu.

Nikawaambia, "Hesabu mnaziona wenyewe, wazee." Nikachukua pai moja, nikatoka.

Kereama alisikia majina ya timu redioni, akiendesha lori la kondoo kwenda Wairoa. Jina lake halikuwemo. Ilikuwa Uingereza, jamani, hewa nzito na nyasi mbichi, ambako safari ya kwanza aliwasumbua mpaka wakamwandikia wimbo wa kumzomea! Alikuwa na miaka thelathini na moja. Hakuitwa tena. Mimi nilikwenda, nikarudi na wiketi tisa na sababu nyingi.

Nimeyasema. Nilidhani nikiyasema nitatulia, lakini bado siwezi kukaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Meya, na wewe Ndugu Mwenyekiti, msinikasirikie. Sitaivuta hii kamba. Naomba kile kibao kishushwe, na kiandikwe upya: Upande wa Pohatu. Huo upande ulikuwa wake tangu siku ya kwanza, kwa desturi na kwa haki. Mimi kama lazima niandikwe, niandikeni kusini, kwenye upepo wa usoni, ambako sikurusha hata ova moja. Kama hamtaki, basi msiniandike kabisa.

Naam? Kereama anasema kitu. Vijana, nyamazeni kidogo mumsikie.

Anasema, "Miaka arobaini umekaa na upepo wangu, unanirudishia siku ambayo haupo!"

Chekeni, ana haki. Itazameni bendera ile, imelala kama taulo. Sijui mara ya mwisho uwanja huu kutulia hivi ilikuwa lini. Hata kurudisha kitu kwa wakati wake nimeshindwa.

Lakini shemeji Huia hajacheka. Shemeji, nakuona. Unanitazama kama unangoja kitu, na tangu asubuhi nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani, maana samahani ya ule upepo nimeshaomba kwa barua, na moja uliirudisha bila kuifungua.

Ah.

Ngoja kwanza. Ngojeni kidogo.

Nimesimama hapa nikamwambia Meya kibao kiende wapi. Nimempangia Kereama akae kaskazini, nimejipangia mimi kusini, kwa sauti kubwa, mbele ya watu mia tatu, na yeye mwenyewe yuko pale safu ya tatu. Nimeuokota mpira tena. Nimeelekea ninakotaka bila kumtazama. Ni asubuhi ile ile, shemeji, umenikamata.

Kulikuwa na swali moja. Yeye aliniuliza siku ya kwanza, bila kulazimishwa na mtu, na mimi nilipaswa kumrudishia kila asubuhi kwa miaka minane. Sikulirudisha hata mara moja. Niruhusuni niweke kipaza sauti chini, maana hili siwaulizi ninyi.

Kereama. Kaka. Unataka upande gani?

Msimjibie. Mwacheni. Mimi alinisubiri siku nyingi zaidi.

"Kaskazini."

Mmesikia? Amesema kaskazini. Kwa wale wa nyuma, Kereama Pohatu ameulizwa, na amechagua kaskazini.

Mheshimiwa Meya, naona unatikisa kichwa kukubali, na Mwenyekiti ameshatoa kalamu. Nawashukuru. Bi Noeline, nakushukuru kwa karatasi yako. Iweke kwenye kabati la kioo, mafungu yote mawili, ya kwake na ya kwangu, sambamba. Shemeji Huia, kamba naiacha hapa juu ya meza, na hakuna atakayeigusa mpaka kibao kipya kifike na mwenyewe aje aivute.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu na kwa kuvumilia waya huu. Sasa naomba mnipishe njia. Nakwenda kukaa kule ng'ambo, upande wa kusini, nianze kuuzoea.