Kilomita Ishirini na Moja kwa Nafasi ya Kukaa

Benchi la mbele ya gereji ya pikipiki ni ubao wa kitanda uliopigiliwa juu ya magogo mawili, na tangu liwekwe pale hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia. Hakuna sheria iliyotangazwa. Wanawake husalimia, hunywa kahawa yao wakiwa wameegemea nguzo ya umeme, kisha huenda kufanya kazi, na wenye benchi hulichukulia hilo kuwa ushahidi kwamba wanawake wenyewe hawapendi kukaa. Fundi cherehani wa chumba cha mkabala, ambaye mtaa mzima humwita Binti Sindano, aliuliza mwezi uliopita kwa nini yeye hapewi nafasi. Mjomba wake, kaka wa mama yake hasa, na mwenyekiti wa benchi kwa kujiteua, alimjibu mbele za watu: siku utakapomaliza hizo mbio zenu za nusu marathoni, utakaa hapa mpaka uzeeke. Alisema kama mtu anayesema siku jogoo atakapotaga. Jana Binti Sindano alizikimbia. Leo amekuja kudai.

Alishuka ngazi za chumba chake kinyumenyume, ameshika ukuta, kwa sababu mapaja yalikuwa yamegoma. Hata pedali ya cherehani ilikuwa imemshinda tangu asubuhi.

— Huyo anarudi nyuma kama lori la mchanga, akasema Spana, mwenye gereji. Bado mlio tu.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mjomba.

— Marahaba. Habari za miguu?

— Miguu ipo. Nimemaliza, mjomba. Sogeeni nikae.

Mjomba akaipuliza kahawa ambayo ilikuwa imeshapoa zamani.

— Umemaliza, au umefika? Hayo ni mambo mawili.

Binti Sindano alijua litakuja hilo. Ukweli ni kwamba alipofika mwisho, utepe ulikuwa umeshakunjwa, meza ya maji imeshapinduliwa miguu juu, na mtangazaji ameondoka na kipaza sauti chake. Vibarua wawili walikuwa wanafungua bango. Mmoja aliinua kamba apite chini yake, akampigia makofi kwa kujipiga pajani, maana mkono mwingine ulikuwa na kamba. Ndiyo makofi pekee aliyopata, na alilia kidogo, ila hilo hakukusudia kumwambia mtu wa benchi lile.

— Medali iko wapi? akauliza Mjomba.

— Ziliondoka na gari kabla sijafika.

— Basi na kumaliza kwako kuliondoka na gari hilo hilo.

— Mjomba, barabara nimeikimbia yote! Medali haikimbii!

— Tulieni, akasema Daktari.

Daktari huyu hajawahi kutibu hata kuku. Aliwahi kuwa mlinzi wa zahanati, na elimu ikamwingia kupitia dirishani.

— Tatizo ni pumzi, akaendelea. Pumzi ya mwanamke imegawanyika, nusu ya kukimbilia, nusu ya kusemea. Huyu ni mbishi. Amekimbia na robo.

— Si pumzi, ni injini, akasema Spana. Injini mpya hupeleki safari ndefu siku ya kwanza. Hebu tazameni kucha ya kidole gumba cha mguu wake. Nyeusi! Hiyo ni oili inavuja.

— Hiyo ni damu, Spana.

— Kila chombo na oili yake.

Daktari hakupenda kuzidiwa akili na mtu mwenye grisi.

— Kuna jambo hamlijui. Lami ikipata jua hutanuka. Wale waliomaliza asubuhi walikimbia barabara fupi. Huyu wa mchana alikimbia ndefu. Kwa hesabu za kitaalamu, amewazidi wote.

Binti Sindano akashangaa kujikuta anatetewa na upuuzi.

— Umesikia, mjomba? Nimewazidi.

— Nimesikia, akasema Mjomba. Kama barabara ilikuwa ndefu zaidi, basi ulikimbia mbio nyingine, si zile tulizokubaliana.

Benchi zima likacheka. Binti Sindano akaiachia nguzo ya umeme aliyokuwa ameiegemea, akawasogelea.

— Haya, sasa niulize mimi. Nilichelewa kwa nini? Mbio si zilipita hapa hapa? Nani aliniita kwa mkono?

Spana akajifanya anapangusa grisi vidoleni.

— Nani alisema, “Wewe, unawapita wazee kama unafukuzwa na mbwa?” Nikasimama. Nikaamkia mmoja mmoja. Mjomba, ukaniuliza mama anaendeleaje, na asubuhi ile ile ulikuwa umetoka kwake! Spana akataka picha, simu imejaa, tukasubiri afute picha za pikipiki za watu moja baada ya nyingine. Daktari akanipima moyo kwa kunishika paji la uso.

— Ulikuwa wa moto, akasema Daktari.

— Nilikuwa nakimbia!

— Sisi tulikushangilia, akasema Spana, ameumia kweli.

— Mlinishangilia nikiwa nimesimama! Ningepita bila kuwaamkia mngesema nini?

— Kwamba umeharibika, akasema Mjomba, hata hakufikiri.

— Na kwa kuwa nilisimama, mnasema sijamaliza.

— Ndiyo.

Aliitamka kwa raha ya mtu aliyefunga milango yote na funguo ziko mfukoni. Binti Sindano alikuwa amejizoeza kubishana kila alfajiri akikimbia peke yake, na hoja zote zilikuwa zake, lakini benchi lilikuwa lao.

Hapo akatokea mwanamume mmoja, mgeni kabisa, anakokota pikipiki yenye pancha huku jasho linamtiririka.

— Karibu kaka, karibu sana! Spana akainuka kuipokea pikipiki. Kaa, upumzike.

Daktari akasogea. Mjomba akasogea. Mgeni akakaa, na muuza kahawa aliyechuchumaa pembeni na birika lake akamjazia kikombe kabla hajaomba.

— Mnabishania nini hapa? Nimewasikia tangu kwenye kona.

— Huyu mpwa wangu, akasema Mjomba, anataka kukaa kwenye benchi letu. Tulimpa sharti moja dogo, akimbie kilomita ishirini na moja. Ameshindwa kuthibitisha.

Mgeni akamtazama Binti Sindano aliyesimama kama mtu wa mbao. Akautazama ubao alioukalia.

— Na mimi nimekimbia ngapi?

Mjomba akafungua mdomo. Mdomo ule haujawahi kukosa la kusema hata msibani. Akaufunga. Daktari akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama na machicha. Spana akaanza kuivua tairi kwa bidii ambayo wateja wake hawajawahi kuiona.

Mgeni, kwa haya, akaanza kuinuka.

— Usiinuke, kaka, akasema Binti Sindano. Wewe huna kosa. Ninayemtaka asogee ni mjomba.

Ubao ukalia, na Mjomba akasogea.

Kujishusha kulimchukua Binti Sindano muda. Alishika bega la mjomba wake, akakunja goti moja, akaguna, akakunja la pili, akatua. Ubao ulikuwa mgumu na una msumari upande mmoja. Kumbe miaka yote hii walikuwa wanang'ang'ania msumari.

— Umekaa, akasema Mjomba akitazama barabarani. Lakini hujamaliza.

— Sawa, mjomba. Bisha tu. Ila sogea tena kidogo.