Sauti Niliyoifuta Mwenyewe

Amani iwe kwenu, kanisa. Nimeomba nafasi niseme jambo nililolificha karibu mwaka mzima. Jina la mtu sitalitaja.

Ile kompyuta ya kwaya nilipewa mimi kwa sababu nilisoma kidogo kule Uvira. Nikatamani kutengeneza muziki wa kompyuta, ngoma na gitaa vitoke mle ndani. Sikujua lolote, lakini nilitaka programu kubwa, ile ya watu wa studio. Kila nilipokwenda mjini Mbarara nilirudi na nyingine. Nikiona vitufe vingi kichwa kinauma, nasema hii ni mbaya, nitafute nzuri. Ndugu zangu, nawaambia, nilibadilisha programu tano na sikumaliza hata wimbo mmoja. Mchagua jembe si mkulima, na mkulima huyo asiyelima ndiye mimi.

Ya sita ikakataa kuingia, nafasi haitoshi. Nyimbo za kwaya tulizorekodi ndizo zilijaza fasi. Nikazihamishia kwenye flashi, nikazitoa kwenye kompyuta. Hata hiyo ya sita sikuiweza. Nikashika flashi ileile, nikaenda kwa fundi kule Ruti kuwekewa ya saba. Fundi akaniuliza, "Kuna kitu ndani? Nikifuta hairudi."

Msifikiri nilisahau. Nilikumbuka vizuri. Nikajiambia waimbaji wapo, tutarekodi tena. Nikamjibu, "Futa tu."

Mwezi haukuisha, dada yetu wa kwaya aliyekuwa anaanzisha nyimbo akafariki akijifungua. Mtoto akabaki, msichana.

Siku ya kumaliza matanga mume wake akanivuta pembeni. "Ndugu, unipe sauti ya mama wa mutoto. Akikomaa aisikie." Nikamwambia kompyuta imeharibika, iko Mbarara kwa fundi. Akaniamini, na mimi nikaona nimepona.

Nimepona wapi? Kila Jumapili alitoka kwake Juru na baiskeli, mtoto amemfunga kifuani na kitenge cha marehemu. "Kompyuta haiyatoka kwa fundi?" "Bado, shemeji." Mtoto akaanza kukaa, mimi bado nasema bado. Nikawa natoka ibadani kabla ya baraka ili asinikute. Kwaya nikaiacha. Nilikuwa najichukia, kanisa.

Jumapili moja akanikuta mlangoni. Alikuwa amebeba mfuko wa maharagwe. "Umupelekee ule fundi," akasema. "Pengine anangojea kitu."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote, nimesimama palepale, watu wanapita. Hakunipiga. Aliketi kwenye jiwe, akamfungua mtoto, akamfunga tena.

"Ulijua iko ndani?"

"Nilijua."

Akapanda baiskeli akaenda. Maharagwe aliyaacha.

Wazee wa kanisa wakasikia, wakanisimamisha ushirika miezi mitatu, na ilikuwa haki yangu. Ilipoisha nilidhani hakuna atakayeniita. Wakaniita akina mama wa kwaya, wale waliosimama na marehemu mstari mmoja. "Sisi tunajua fasi alikuwa anapandisha sauti na fasi alikuwa anashusha," wakasema. "Kaa, uandike." Nikarudi kwenye programu ya kwanza kabisa, ile niliyoitukana. Ngoma moja, gitaa moja, sauti zao. Majuma sita, wimbo aliokuwa anauanzisha marehemu ukaisha.

Nikaupeleka Juru mwenyewe. Akausikiliza mpaka mwisho, mtoto mapajani.

"Haiko yeye," akasema.

Na ilikuwa kweli. Kisha akasema, "Rudisha mwanzo."

Mama zangu, asanteni, mlinikalisha chini wakati nilistahili kuachwa nje. Wazee, asanteni kwa adhabu. Na ninyi vijana mnaoniuliza kila siku programu gani ni nzuri, mimi nawajibu hivi: shika iliyo mkononi, umalize wimbo mmoja. Hizo nyingine zitapatikana hata mwaka ujao. Watu wa kuimba ndio hawangoji.

Shemeji yangu ameketi pale nyuma na mtoto wake. Hajaniambia kwamba amenisamehe, na leo simwombi aseme mbele ya watu. Namshukuru kwamba amekuja.