Mgongo Ulionyooka wa Shangazi Suzana

Baba Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Shanwe na wote mliofika, familia inawaomba mtulie na msikilize hadi mwisho, kwa kuwa sehemu ya historia hii marehemu aliiandikisha mwenyewe akiwa na akili timamu, akaagiza lisirukwe hata neno moja.

Marehemu Nathanael Wiliam Kasokota alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika kijiji cha Mamba, Mpimbwe, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Wiliam na mama Elizabeti. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mamba kuanzia 1989 hadi 1995, kisha akaja Mpanda mjini kujifunza ufundi wa baiskeli, na mwaka 2003 akafungua kibanda chake hapa Shanwe. Tarehe 8 Oktoba 2005 alifunga ndoa na Aneth, Mungu akawajalia watoto watatu, Prisila, Jonas na Christina.

Mwaka 2006 mgongo ulianza kumsumbua, akiamka asubuhi umekakamaa kama ubao, ukilainika kidogo akishashika kazi, na miaka ilivyokwenda ukapinda kabisa, naye akawa anatania kwamba sasa anawainamia kwa heshima hata watu asiowapenda. Babu yake aliinama hivyo hivyo, na baba yake pia, basi ukoo ukaanza kutafuta mchawi. Macho yote yakamwangukia shangazi Suzana, dada wa mzee Wiliam, kwa sababu moja tu, kwamba katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyebaki na mgongo ulionyooka. Kikao cha ukoo cha tarehe 2 Agosti 2011 kilimfukuza Mamba, na aliyesimama kumtaja mbele ya watu alikuwa Nathanael, tena kwa maneno ambayo hatuwezi kuyarudia mbele ya Padre. Shangazi akaenda kulima mihogo Mishamo, na mzee Wiliam alipofariki mwaka 2014, jina la dada yake halikusomwa msibani.

Mwezi Mei 2022, katika hospitali ya rufaa Mwanza, daktari alimpima Nathanael damu, akamweleza kwamba ana alama ya kinga ambayo mtu huirithi kwa wazazi, na kwamba kinga yake, badala ya kupigana na vijidudu, imegeuka kuushambulia uti wake wa mgongo, ingawa si kila mwenye alama hiyo huugua. Daktari akaomba ndugu wa upande wa baba nao wapimwe. Wanaume wa ukoo walikataa, wakihofia damu yao itafika kwa waganga, lakini shangazi Suzana, akiwa na miaka sabini na moja, alipanda basi kutoka Mishamo, akisema tu kwamba mtoto wa kaka yake anaumwa. Majibu yalionyesha kuwa alama ile ile anayo, ila yeye haikumwamshia ugonjwa. Nathanael alilia mbele ya daktari, kwa kuwa alikuwa amemfukuza mtu wa damu yake aliyebahatika tu.

Tarehe 6 Juni 2025 alianguka na baiskeli akitoka Magamba, shingo iliyokuwa imeganda kwa ugonjwa huo ikavunjika, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akafariki hospitalini hapa Mpanda. Tangu jana kuna wanaosema kuanguka huko nako ni kazi ya shangazi, na wapo ndugu walioapa kwamba akisogelea kaburi wao wataondoka. Familia imewasikia, njia ya kutokea iko wazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa hapa Mpanda, majirani waliombeba marehemu kutoka barabarani, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao siku tatu, na Baba Padre.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, mama, na shangazi mmoja, Suzana, ambaye tangu alfajiri yuko nyuma ya nyumba anamenya mihogo ya waombolezaji kwa sababu hakuna aliyemwonyesha pa kukaa. Neno la mwisho aliloandikisha Nathanael ni kwamba, Padre akishamaliza, udongo wa kwanza juu yake utupwe na mkono wa shangazi yake, na akikataa, hatamlaumu.

Shangazi, tunaomba uache hicho kisu, uje mbele.

Nathanael, uliyoyaagiza yamesomwa yote, pumzika kwa amani.