Mama Hamira na Sahani ya Hostia

Mheshimiwa Meneja, Baba Paroko uliyekubali kuja kuibariki shughuli yetu, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa unga, wa oveni na wa magari. Na wewe Mama Hamira, mkuu wetu wa zamu tunayekuaga leo, pamoja na wajukuu wako ambao naona keki wameshaimaliza: nawasalimu nyote. Namsalimu pia mdogo wangu, dereva wa gari la mikate, aliyeamua kukaa kule mlangoni.

Nimeombwa nimsifu mama kwa kuwa ndiye aliyenifundisha oveni, na kesho nashika nafasi yake. Nianzie wapi? Nikisema alikuwa mpole, mtanicheka. Mama huyu akikuta unga umemwagika sakafuni, hata meneja alikuwa anatafuta njia nyingine ya kupita.

Lakini imani yake tuliijua sote, na sikumbuki kama aliwahi kutuhubiria. Alfajiri alichora msalaba juu ya donge la kwanza, kimya kimya, kisha akageuka kuuliza nani hajanywa chai. Humu tuna Wakatoliki, tuna Waislamu, tunao na wale wanaosema watasali wakistaafu. Yeyote aliyeugua alimwona mama mlangoni na kikapu kabla hajawaona ndugu zake. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, alijibu, "Nimetoka Misa, mwanangu. Sasa niende wapi kama si kwako?"

Niruhusuni niwasimulie Jumapili moja. Wiki ile mikate ya zamu nzima iliungua, na mama akanifokea mbele ya watu wote, akaniita mzembe. Kumbe moto aliupandisha mwenyewe, akasahau kuniambia. Tulipolijua hilo, aliendelea na kazi zake bila kuniomba radhi. Niliumia, jamani, niliumia sana. Nikakunja aproni yangu, nikaapa kwamba Jumatatu hamnioni hapa.

Kanisani nilikaa benchi la mwisho. Baba Paroko huyuhuyu akahubiri kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake akapatane naye kwanza, ndipo alete sadaka yake. Wakati wa kupeleka vipaji altareni ukafika. Mama ndiye aliyebeba sahani ya hostia, ile mikate ya komunyo, na maandamano yalianzia nyuma, ubavuni pangu. Akaniona. Akasimama. Akamkabidhi sahani mama mmoja aliyekuwa jirani, ambaye nadhani mpaka leo hajui alipewa kwa nini, akaniinamia.

"Baba, moto niliupandisha mimi. Nimekuaibisha bure. Nisamehe."

"Mama, nenda! Padre anasubiri."

"Si ndiye aliyesema? Asubiri."

Baba Paroko, leo unacheka, lakini siku ile ulisimama mbele ya altare mikono mitupu, na kwaya ikarudia ubeti uleule mpaka sauti zikakauka. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama, ila nenda, watu wanatutazama!" Nilisema ili aondoke tu. Akaichukua tena sahani yake, na alipofika mbele ndipo nilipojihisi mwepesi, nikajua kwamba nimesema kweli. Jumatatu nilikuwa kwenye oveni yangu.

Baada ya Misa Padre alimwambia kwa upole, "Mama, sikumaanisha dakika ileile."

"Hukusema ni lini, Padre," akajibu, akaenda zake.

Ndugu wageni waalikwa, kesho nakabidhiwa funguo za zamu. Lakini nitasimamaje mbele ya donge la kwanza, nikauinua mkono huu nikachora msalaba? Tangu niteuliwe nimevimba kichwa. Juzi gari lilichelewa, nikamwambia mdogo wangu mbele ya wapakiaji kwamba bila mimi angekuwa anazurura mitaani. Mtoto wa mama yangu! Tangu hapo hatusemezani, na ukumbi huu mzima unajua. Nimekuwa nikingoja siku nzuri ya kumwendea, kana kwamba kuna siku zinazokuja na tangazo.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine marefu, tena matamu. Yatangoja. Mama Hamira, asante kwa mkate, na asante kwa Jumapili ile. Nanyi nyote asanteni kwa masikio yenu. Mdogo wangu, usitoke hapo mlangoni, nakuja.

Mama, nishikie kipaza sauti.